Chai ya Barafu Ngamiani

Watu wengi wa Tanga niliokua nao walihesabu chai iliyopoa kuwa ni kiporo. Chai ni ya moto, inanywewa na kitumbua au mhogo wa kuchemsha, na ikipoa inarudishwa jikoni au inamwagwa. Ndiyo maana wageni waliofika nyumbani kwetu Ngamiani, mjini Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, wakakaribishwa bilauri ya chai yenye barafu, walitazamana kwanza. Walikunywa kwa adabu, kisha wakaomba tena. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Babu, aliyependa kukaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa uani, hakumtazama mgeni usoni. Aliitazama bilauri. Alitaka kujua kama chai imebaki angavu.

Babu alikuwa Mbondei wa Muheza. Aliingia jikoni akiwa kijana, nyumbani kwa meneja wa shamba la mkonge, enzi ambazo reli na bandari ya Tanga ziliishi kwa mkonge. Mke wa meneja hakuweza kunywa kitu cha moto baada ya saa sita mchana, kuanzia Desemba hadi Machi, na alitaka chai yake iwe baridi kama maji ya mtungi. Alimweleza Babu anachotaka. Namna ya kukipata, Babu alijitafutia mwenyewe, siku baada ya siku, akiwa na friji la mafuta ya taa lililotoa vipande vichache vya barafu na jiko la kuni ambalo moto wake hautulii. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ilipotaifisha mashamba mengi ya mkonge, meneja aliondoka na familia yake. Babu alihamia mjini akapika kwenye hoteli ndogo karibu na stendi, kisha kwenye shughuli za watu, arusi na hitima, mpaka miguu ilipomkataa. Kutoka shambani alikuja na chujio la waya laini, kisu kimoja na vipimo vyake kichwani.

Mimi nilikuwa mjukuu wa kike aliyekaa naye karibu zaidi, kwa hiyo utani wote wa Babu uliniangukia mimi. Aliniita mke wangu, na kila nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba kisha akaniuliza nimempikia nini. Lakini tulipofika kwenye chai utani uliisha. "Mke wangu," alikuwa akiniambia, "chai hii haipoi, inapozwa." Tofauti hiyo ndiyo ilikuwa elimu yake yote. Chai iliyoachwa ipoe yenyewe juu ya majani yake inaendelea kuiva bila moto: inakolea, inakuwa na ukakasi unaoukaza ulimi, na harufu inaondoka ikabaki rangi tu. Ukiitia barafu chai ya namna hiyo umepata maji ya kahawia yaliyo machungu na baridi. Ndicho walichokuwa wakikitarajia wageni wetu, na hawakuwa na kosa, kwani hawakuwahi kunywa nyingine.

Majani yetu yalitoka Usambara ya Mashariki. Ndugu yake Babu alifanya kazi katika shamba la chai la Bulwa, juu kule Amani, na kila aliposhuka alikuja na mfuko wa karatasi ya kaki uliofungwa kwa uzi wa mkonge. Mfuko ule ukifunguliwa, nyumba nzima ilijua. Haikuwa harufu ya majani makavu niliyoizoea katika pakiti za dukani. Ilikuwa na kitu cha mbichi ndani yake, kama shamba baada ya mvua. Babu aliyamwaga kidogo kiganjani, akayapuliza. Yaliyoruka yalikuwa vumbi, na vumbi hilo alimwachia Bibi kwa chai ya maziwa ya asubuhi, kwa sababu linatoa rangi upesi na halijali kuchemshwa. Chembe kubwa zilizobaki kiganjani ndizo za chai ya barafu. Zinatoa ladha taratibu, zinachujika vizuri, na hazichafui bilauri kwa chini. Tangu hapo, nikinunua chai sokoni huomba nioneshwe majani kabla ya kulipa.

Inafaa kusema kidogo juu ya mlima huo, kwani watoto wengi wa Tanga mjini waliuona kila siku kwa mbali bila kujua kuwa wanaunywa. Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti wa mimea na kilimo Amani mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu kule, pamoja na viungo vya kila aina. Chai kuwa biashara kamili katika Tanganyika ilichukua zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Wamarekani nao wana hadithi yao: kwamba chai ya barafu ilizaliwa kwenye maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, pale Richard Blechynden, aliyekuwa akiitangaza chai ya India, alipoona watu hawaitaki chai ya moto katika joto lile, akaitia barafu. Hadithi nzuri, ila kitabu cha mapishi cha Virginia cha mwaka 1879 kilikwisha kueleza namna ya kuiandaa chai ya barafu, na ndimu yake juu. Blechynden aliitangaza, hakuianzisha. Mimi hupenda tu kufikiri kwamba miaka ileile watu wa St. Louis walipokuwa wakigombea bilauri za chai baridi, Amani chai ilikuwa bado mmea wa kujaribiwa.

Maji pia yalitoka mlima huohuo. Mto Zigi unaanzia katika misitu ya Amani, unateremka hadi bwawa la Mabayani, na kutoka Mabayani ndipo mji wa Tanga unapata maji ya bomba. Babu alilijua hilo na alilisema kwa fahari: majani na maji vimekunywa mvua moja. Bomba lilipokatika tulichota kisima cha jirani, na maji ya kisima kile yalikuwa na chumvichumvi. Siku hizo hatukupika chai ya barafu. Maji mazito ya kisima yanaifanya chai iwe na utando juu, rangi yake inakufa, na ikipata baridi inavurugika upesi. Bibi alisema Babu anajisumbua, maji ni maji. Babu hakubishana naye, ila bilauri hazikutoka kabatini mpaka bomba liliporudi.

Sasa mapishi yenyewe, ambayo nayajua kwa mikono kuliko kwa maneno. Kwa nusu lita ya maji alitia vijiko vinne vya chai vya majani, vilivyojaa bila kuwa mlima. Hicho ni karibu mara mbili ya kipimo cha chai ya rangi ya kawaida, na sababu yake ni barafu: nusu lita ile itapokea karibu kiasi kilekile cha barafu na maji baridi, na asipoikoleza mwanzo, mwisho itakuwa majimaji. Maji yalichemka hadi yakatoa mapovu makubwa. Hapo sufuria iliondolewa motoni, majani yakatiwa, kifuniko kikawekwa. Chai yetu ya pwani inachemshwa na majani yake, inapanda na kushuka ndani ya sufuria, na kwa maziwa na iliki hiyo ndiyo njia yake. Hii haichemshwi. Inaloweshwa katika maji yaliyokwisha kuchemka, na inachujwa mapema.

Mapema ni lini? Kule shambani Babu alikuwa na saa ya ukutani ya jikoni. Nyumbani hatukuwa nayo, na Bibi, ambaye mwanzoni alidai hana habari na mambo ya Wazungu, ndiye aliyelitatua tatizo hilo. Alikaa na tasbihi yake mkekani. Majani yakiingia alianza uradi, na alipomaliza tasbihi nzima kwa mwendo wake usio na haraka, Babu aliinua kifuniko. Baadaye sana, nilipokuwa na saa yangu, nilipima mwendo ule kwa kuvuta uradi kama alivyokuwa akiuvuta Bibi. Ni kama dakika nne. Ndio muda unaofaa kwa chembe za Bulwa. Chai ya vumbi ingetaka pungufu ya hapo. Kama unataka chai kali zaidi ongeza majani, usiongeze muda. Muda ukiongezeka kinachoongezeka ni ukakasi.

Alichuja mara mbili, kwanza kwa lile chujio la waya, kisha kwa kitambaa cha melimeli kilichofuliwa bila sabuni. Hakukamua kitambaa. Alikiacha kidondoke chenyewe, na mtoto aliyejaribu kukibonyeza kwa kijiko alifukuzwa jikoni, kwa sababu kinachotoka kwa kukamuliwa ni uchungu na mashapo.

Shira ilipikwa pembeni. Sukari haiyeyuki vizuri kwenye kitu baridi. Inashuka chini ya bilauri, mnywaji anakunywa chai chungu mpaka tone la mwisho ambalo ni sukari tupu. Kwa hiyo vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji, moto mdogo, na ndani yake tangawizi iliyopondwa, iliki chache zilizopasuliwa na mchaichai uliofungwa fundo. Iliki ilitoka Amani pia, ambako watu wanailima chini ya miti ya msitu. Mchaichai ulikuwa uani kwetu, karibu na bomba. Shangazi aliyekuwa akipika shira hii alikuwa mkali juu ya sukari kuliko mtu yeyote niliyemjua, na alikuwa na haki. Aliwahi kupanga foleni za duka la kaya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sukari ilipimwa kwa idadi ya watu nyumbani na wakati mwingine haikuwapo kabisa. Katika miaka ile, alisema, Babu aliacha kupika chai ya barafu kwa muda mrefu, na hakutaka hata kuizungumzia. Biashara ilipofunguliwa na sukari ikarudi madukani, chai ya kwanza aliyoipika ilinywewa na mtaa mzima. Mimi nilikuwa mdogo mno kuikumbuka. Shangazi aliikumbuka kwa niaba yangu, na kila alipomimina shira alipangusa shingo ya chupa kwa kidole ili lisipotee tone.

Barafu ndiyo ilikuwa kazi ngumu. Friji hatukuwa nalo. Barafu za magogo ziliuzwa upande wa bahari kwa ajili ya samaki, zimefunikwa maranda na magunia zisiyeyuke. Kaka yangu alitumwa kwa baiskeli, gogo likafungwa nyuma kwenye gunia lililoloweshwa, na alipofika Ngamiani njia nzima ilikuwa imechorwa mstari wa maji. Barafu ile haikuingia kwenye bilauri hata mara moja. Babu alisema ni barafu ya samaki, hujui imelala na nani, hujui maji yake yamechotwa wapi. Ilivunjwa kwa mchi, ikajazwa kwenye karai, ikanyunyiziwa chumvi ya mawe, na sufuria ya chai ikakalishwa katikati. Chumvi inaifanya barafu iyeyuke katika baridi kali zaidi ya baridi ya barafu tupu. Wauza aiskrimu wa zamani waliijua siri hiyo, na wapishi wa mashambani pia. Babu aliikoroga chai pole pole kwa mwiko, bila kuacha, mpaka sufuria ikaanza kutoa jasho kwa nje. Ndani ya muda mfupi chai iliyokuwa inafuka moshi ilikuwa baridi, na harufu yake yote ilikuwa bado ndani.

Barafu ya kunywa tuliinunua kwa jirani mwenye friji, aliyeigandisha kwenye vifuko vya nailoni. Bibi alimpelekea maji yetu wenyewe, yaliyochemshwa na kupozwa, akamlipa kwa kugandisha tu. Jambo hilo lilileta maneno mtaani, kwamba Bibi anajiona. Bibi alikuwa Mdigo na hakuogopa maneno. Aliwahi kumwona mtoto akifa kwa kuhara, na tangu siku hiyo maji yasiyochemshwa hayakuingia kinywani mwa mtu nyumbani kwake, yawe maji au yawe barafu.

Ndimu iliingia mwisho, chai ikiwa tayari ni baridi. Ikitiwa kwenye moto inapoteza harufu na kuacha ukali peke yake. Hapo watoto tuliruhusiwa kusogea, kwa kuwa ndimu ilikuwa na mchezo wake: tone likigusa chai, rangi nyekundu nzito inafunguka, inakuwa ya asali. Ni tindikali ya ndimu inayoibadilisha rangi ya chai, jambo nililolisoma baadaye shuleni, lakini kule uani lilikuwa tukio la kugombewa. Msimu wa machungwa ya Muheza ulipofika Babu aliongeza vipande vya chungwa na maganda yake, vikakaa ndani ya jagi. Nilipenda ya chungwa kuliko ya ndimu. Bado napenda.

Kuhusu ule uangavu aliokuwa akiutazama: chai kali ikikaa kwenye baridi muda mrefu inaweza kutia ukungu, kama maji ya mchele. Viasili vyake vya ukakasi na kafeini vinashikana vikawa chembe zisizoonekana moja moja lakini zinaziba mwanga. Haidhuru mtu, ladha haibadiliki sana, ila kwa mpishi aliyefunzwa kupeleka trei barazani kwa watu waliotazama kila kitu, ilikuwa aibu. Dawa yake ni kumimina maji kidogo yanayochemka na kukoroga; ukungu unatoweka. Dawa bora ni kutoipika mapema. Alipika saa moja kabla ya kunywewa, si zaidi.

Ramadhani za 1994 na 1995 ziliangukia Februari, wakati kaskazi inavuma na Tanga haina pa kujificha. Joto linafika nyuzi 32 na kupita, na usiku hauleti nafuu kubwa. Miaka hiyo pia ndiyo ya mgawo wa umeme, mvua zilipokosekana na mabwawa ya kuzalishia umeme yakashuka. Friji la jirani likawa kabati. Vijana waliouza barafu walikuwa wafalme: alasiri watoto wa mtaa mzima walipanga mstari na bakuli mkononi, na ikifika saa kumi na moja bei ilikuwa imepanda na kilichobaki ni maji baridi yenye vipande vya kuelea.

Bibi hakuruhusu mtu afungue saumu kwa kitu cha barafu. Tende kwanza, na maji, kisha uji wa pilipili manga ulio vuguvugu, kisha sala ya Magharibi, ndipo mkeka wa futari: mihogo ya nazi, tambi, samaki, kaimati. Tumbo lililolala mchana kutwa huliamshi kwa barafu, alisema, na sisi watoto tuliofunga nusu siku tulitii pamoja na waliofunga nzima. Chai ya barafu ilisubiri tarawehe. Watu walirudi msikitini kanzu zimegandamana migongoni kwa jasho, mtaa ukiwa giza kwa mgawo, na barazani kwetu kandili imewashwa. Babu alikuwa amekwisha kukaa na jagi mbele yake. Alimimina mwenyewe. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka miaka hiyo, lakini hakukubali kusaidiwa, na hakumwaga.

Nakumbuka namna mazungumzo yalivyobadilika baada ya bilauri ya kwanza. Kabla yake watu waliongea juu ya joto, umeme na bei. Baada yake wazee waliofanya kazi kwenye mkonge walianza kuulizana habari za mashamba: nani alikuwa mnyapara wapi, korona, ule mtambo wa kuchakata mkonge, ya wapi ilikuwa na ukanda mrefu, treni ya mizigo ilipita saa ngapi. Wengi wao walikuwa wakata mkonge, watu waliorudi nyumbani na mikono iliyochanwa na miiba. Hawakuwahi kuonja chai hii enzi hizo, kwani iliishia kwenye baraza la meneja. Mmoja wao, rafiki wa Babu kutoka siku zile, alisema usiku mmoja, "Kumbe hiki ndicho kilichokuwa kikipita kwenye trei." Babu akamjibu, "Ndicho. Na aliyekipika ni mimi." Akamjazia tena.

Jibu lile nimelifikiria kwa miaka mingi. Chai ya barafu nyumbani kwetu iliitwa ya Kizungu hata na Bibi, kwa vile ilitoka jikoni kwa Mzungu. Lakini mke wa meneja hakuijua tasbihi ya dakika nne, hakuijua shira ya mchaichai wala chumvi ya mawe kwenye karai, wala hakujua kupuliza vumbi likatoka kwenye majani. Aliomba kinywaji baridi, akaletewa. Ustadi ulikuwa wa mpishi. Wapishi wa aina ya Babu walikuwa wengi Tanga, Korogwe, Muheza, na huko Kenya kwenye mashamba ya Nyanda za Juu, watu waliojua kuoka mkate kwenye debe na kutengeneza siagi bila mashine, na vitabu vya historia ya mkonge vinawataja kwa neno moja, watumishi. Naliona hilo kuwa ni dhuluma. Mtu aliyepata chai angavu kwa jiko la kuni na friji la mafuta ya taa alikuwa fundi, na fundi anastahili kuandikwa jina la kazi yake.

Babu alifariki kabla karne haijageuka. Chujio la waya alilirithi Shangazi, na sasa ninalo mimi, Dar es Salaam, ambako umeme upo siku nyingi na barafu inatoka kwenye friji yangu mwenyewe. Karai na chumvi sivihitaji tena, ingawa mgawo ukirudi najua la kufanya. Nimeongeza njia moja ambayo Babu hakuwa nayo: kuloweka majani katika maji yaliyochemshwa na kupoa kabisa, ndani ya chupa safi, usiku kucha kwenye friji. Chai inayotoka asubuhi ni laini, tamu kidogo hata bila sukari, na haina ukakasi kabisa. Lazima iwe ndani ya friji, si mezani wala juani, maana maji vuguvugu yenye majani ni makazi mazuri ya vijidudu, na iishe siku hiyohiyo. Ni chai nzuri kwa mtu anayepunguza sukari. Lakini haina nguvu ya ile ya moto iliyopozwa haraka, na nikipokea wageni napika ya Babu.

Chai za barafu za chupa zimejaa madukani siku hizi. Nimezionja. Sukari yake ni nyingi kupita kiasi, chai yenyewe huisikii, na limau lake ni harufu tu. Sioni sababu ya kununua kitu kile katika nchi inayolima chai Usambara, Mufindi, Njombe na Rungwe. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya chai yetu nzuri imekuwa ikienda kuuzwa nje, nyingi ikipitia mnada wa Mombasa, na mwaka 2023 Dar es Salaam nayo ilianza mnada wake. Wenye maduka wanaleta kile tunachokiuliza. Tukiuliza chembe badala ya vumbi, na tukataja mlima tunaoutaka, zitaletwa.

Na lipo la haraka zaidi ya hilo. Waliopika kwenye mashamba ya mkonge, kwenye reli, kwenye meli na kwenye hoteli za zamani wamebaki wachache, na walio hai wamekwisha kuwa wazee sana. Kama nyumbani kwenu au mtaani kwenu yupo mmoja, mwendee wiki hii na daftari. Usimuulize habari za mabwana zake. Muulize vipimo: majani kiasi gani, maji ya wapi, moto wa namna gani, aliujuaje wakati. Andika kama anavyosema, na jina lake juu ya ukurasa.